Tumeazima Boti, Tusiazime na Lawama

Kuna sentensi moja ambayo mtu wetu akihamia Minnesota huipata bure. Haitozwi kodi, haihitaji kitambulisho, na mara nyingi huifahamu kabla hajajua kupachika chambo kwenye ndoano. Sentensi yenyewe inasema hivi: samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu za Wahindi Wekundu. Nimeisikia kwa Kiingereza gatini na kwa Kiswahili mezani. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, watu walionipokea uwanja wa ndege na kunifundisha kutembea juu ya barafu bila kuanguka. Naandika kuipinga. Naipinga kwa sababu si ya kweli, na naipinga zaidi kwa sababu ya namna inavyotugeuza sisi tunaoirudia.

Kwa asiyemjua, wolai ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini. Ubavu wake una rangi ya dhahabu iliyofifia, meno yake ni makali, na macho yake makubwa hung'aa gizani kama ya paka, kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Waojibwe, wenyeji wa maziwa haya, humwita ogaa. Mnofu wake ni mweupe, hauna shombo, na mtu aliyekulia kwenye sato hawezi kumdharau. Minnesota ilimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965. Msimu wake hufunguliwa Jumamosi moja ya Mei, saa sita kamili usiku, na tangu 1948 gavana naye hutoka kwenda kuvua mbele ya kamera. Ni sikukuu. Watu huomba ruhusa kazini, na barabara za kaskazini hujaa pikapu zinazovuta boti.

Familia yetu nayo imo katika sikukuu hiyo. Mwaka huu tulikwenda Mille Lacs, ziwa lililo kama saa mbili kwa gari kutoka Minneapolis. Tulikuwa watu tisa katika magari mawili: Baba Mdogo na Mama Mdogo, wadogo zangu watatu ambao ni watoto wao, mzee mmoja wa Kisii anayefanya kazi na Baba Mdogo, kijana wa Bukavu na mkewe, na mimi niliyeko hapa kwa masomo ya uzamili. Tulibeba sufuria la ugali, unga kilo tano, pilipili mbuzi, deli la barafu na makoti ya Januari, maana barafu ilikuwa imeondoka ziwani wiki chache tu kabla. Boti tuliazima kwa mfanyakazi mwenzake Baba Mdogo. Haikutosha watu tisa, kwa hiyo tuliingia kwa zamu, na waliobaki walitupa ndoano kutoka gatini.

Mille Lacs ni ziwa pana lisilo na kina kikubwa. Eneo lake linapita kilomita za mraba 500, lakini mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 15, ndiyo maana upepo mdogo tu huliamsha. Asubuhi ile mawimbi yalikuwa yanapiga ubavu wa boti kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Unashusha chubwi mpaka liguse chini, unaliinua kidogo, unasubiri. Wolai hanyakui kwa vurugu. Unahisi uzito tu, kama mshipi umenasa kwenye tambara bichi, kisha tambara linaanza kuondoka. Mdogo wangu wa kati, msichana wa miaka tisa, ndiye aliyempata wa kwanza. Tulimpima kwa rula, urefu wake haukuwa ule unaoruhusiwa, tukamrudisha. Kanuni za ziwa hili hubadilika mwaka hadi mwaka na sharti uzisome kabla ya kutia ndoano majini. Mpaka jioni tulikuwa na samaki wa kutosha kitoweo kimoja, na mikono isiyohisi kitu.

Sentensi ilitukuta gatini. Alikuja nayo mzungu mmoja wa makamo, mtu mwema. Alitusaidia kuishusha boti majini bila kuombwa, akawapa watoto visamaki vya chambo kutoka ndoo yake, akawaonyesha namna ya kuvipitisha kwenye ndoano vikabaki hai. Kisha, wakati Baba Mdogo anamshukuru, akasema mngekuja zamani, kabla ya nyavu, mngeona samaki. Akanyoosha kidole upande wa magharibi wa ziwa, yalipo makazi ya Waojibwe wa Mille Lacs. Baba Mdogo akatikisa kichwa kwa adabu, kama tunavyofanya tukipewa pole kwa msiba tusioujua vizuri.

Jioni, samaki wamekaangwa, kachumbari iko mezani, sentensi ile ile ikatoka kwa Kiswahili. "Hawa Wahindi Wekundu ndio wamemaliza samaki," alisema mzee wa Kisii. "Sisi tunangoja Mei na mshipi mmoja mmoja. Wao wanaingia Aprili na nyavu, samaki akiwa anataga." Kijana wa Bukavu akauliza kwani serikali inawaogopa. Baba Mdogo akajibu, "Wanadekezwa." Mdogo wangu akauliza Wahindi Wekundu ni akina nani, maana shuleni kwao wanasema Waojibwe. Nikasema, "Mzee wangu, samahani, ile haki yao ya kuvua iko kwenye mkataba wa mwaka 1837." Mzee akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Msomi, acha vitabu, samaki anapoa."

Nilikula samaki. Lakini vitabu siviachi, kwa sababu jambo hili liko vitabuni na linasomeka.

Tarehe 29 Julai 1837, mahali inapokutana mito Mississippi na Minnesota, karibu kabisa na uwanja wa ndege ambao wengi wetu tuliteremkia, machifu wa Waojibwe walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Waliachia eneo kubwa sana la misitu lililomo leo Minnesota na Wisconsin, na Mille Lacs imo ndani yake. Serikali ilitaka misonobari ya mbao. Wao walitaka kuendelea kula. Kifungu cha tano kikawahakikishia haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga-mwitu katika ardhi, mito na maziwa ya eneo waliloliachia.

Mtu wa Pwani ya kwetu hahitaji mwanasheria kumweleza jambo hili. Pwani mtu aweza kuuza kiwanja na kubakiza minazi yake. Ardhi ikawa ya huyu, miti ikabaki ya yule, na kila mwenye akili akaelewa kwamba mwenye minazi akija kuangua nazi haombi msaada wala hadekezwi. Anachuma alichokibakiza siku ya kuuza. Mnunuzi akianza kumwita mwizi, majirani watamuuliza mnunuzi: wewe kiwanja umekipataje? Karatasi iliyokupa kiwanja ndiyo hiyo hiyo iliyombakizia mwenzako minazi. Ukiichana upande wake, umeichana na upande wako.

Hapo ndipo sentensi ya gatini inapovunjika mguu. Wanaosema mkataba wa 1837 ni wa kale, umepitwa na wakati, hawasemi hivyo kuhusu ardhi. Nyumba za mapumziko zinazolizunguka ziwa, barabara tuliyokuja nayo, gati lenyewe, vyote vimesimama juu ya ardhi ambayo uhalali wake unaanzia kwenye karatasi ile. Hakuna anayependekeza nusu hiyo ifutwe. Mkataba unakuwa mkuukuu pale tu unapofika kwenye samaki.

Wala haki hiyo haikulala kwenye sanduku kwa amani. Mwaka 1850 Rais Zachary Taylor alitoa amri ya kuwaondoa Waojibwe katika eneo hilo. Mwaka huo huo malipo yao ya mkataba yalihamishiwa mbali, Sandy Lake, yakacheleweshwa mpaka baridi kali, chakula kilichotolewa kikiwa kibovu, na watu wapatao 400 wakafa kwa njaa, maradhi na safari ya kurudi makwao. Mwaka 1911, kando ya ziwa hili hili tulilokwenda kuvua, sherifu na watu wake walichoma moto nyumba za kijiji cha chifu Wadena ili ardhi ibaki kwa mnunuzi mwingine. Kwa miongo mingi Mwojibwe aliyevua kwa haki yake alikamatwa na askari wa wanyamapori kama jangili. Mwaka 1990 Waojibwe wa Mille Lacs walikwenda mahakamani. Mwaka 1993 makubaliano ya kumaliza kesi nje ya mahakama yalipelekwa kwenye bunge la jimbo, na bunge likayakataa. Kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwezi Machi 1999, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema haki ile ipo. Amri ya 1850 haikuwa na msingi wa kisheria wa kuifuta, na Minnesota kuwa jimbo mwaka 1858 hakukuifuta pia.

Kwetu tunaijua mikataba ya namna nyingine. Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani, na karatasi hizo zikatumika kudai nchi. Tumefundishwa shuleni kuzichukia. Sasa hapa kuna watu waliotiliana saini na dola iliyowazidi nguvu, wakaishikilia karatasi kwa miaka 162 mpaka dola ikalazimika kuisoma kwa sauti. Tungetarajia mtu wa kwetu avue kofia. Badala yake tunauliza kwa nini wanadekezwa.

Tuje kwenye samaki wenyewe, maana mzee wa Kisii angeniambia historia haijazi deli.

Tangu haki ile ithibitishwe, Idara ya Maliasili ya jimbo na mataifa ya Waojibwe hukaa kila mwaka na kukubaliana ni ratili ngapi za wolai zinaweza kutolewa Mille Lacs bila kuliumiza ziwa. Kisha kiasi hicho hugawanywa. Mwaka 2015, mwaka wa dhiki, kiasi chote kilikuwa ratili 40,000. Waojibwe walipangiwa 11,400. Wavuvi wa ndoano wa jimbo, yaani sisi wenye leseni, tulipangiwa 28,600. Tarehe 3 Agosti mwaka huo jimbo lilifunga uvuvi wa wolai Mille Lacs kabla ya msimu kwisha. Waliokuwa wamemaliza fungu lao ni sisi, wenye mshipi mmoja mmoja. Mwaka uliofuata kila wolai aliyenaswa kwa ndoano ilibidi arudishwe majini.

Na hata kurudisha kuna hesabu yake. Samaki aliyemeza ndoano, akashikwa kwa mikono mikavu, akapigwa picha, akatupwa tena kwenye maji ya vuguvugu ya Julai, mara nyingi haendi mbali. Idara inakadiria vifo hivyo na kuvikata kwenye fungu la wenye ndoano. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda ziwani siku nzima, akarudi mikono mitupu na moyo mweupe, na bado akawa ameua samaki. Samaki wa Waojibwe, kwa upande wao, huhesabiwa na kupimwa na wakaguzi pale wanapotolewa majini. Wetu hukadiriwa kwa kuwahoji baadhi ya wavuvi na kupiga hesabu. Kama kuna upande ambao hesabu yake ni ya makisio, ni upande wetu.

Hoja ya kutaga ndiyo inayowagusa wengi, nami naiheshimu. Inaonekana ni ukatili kumvua samaki akiwa na mayai. Lakini fikiri kidogo. Wolai jike anayevuliwa Januari kupitia tundu la barafu, akiwa ndani ya sheria na picha yake ikarushwa kwa fahari, naye ana mayai tumboni na hatayataga Aprili. Aliyeliwa Septemba iliyotangulia hatataga pia. Kwa ziwa, samaki aliyekufa ni samaki aliyekufa. Kinacholinda kizazi ni jumla ya waliotolewa kwa mwaka, na jumla hiyo ndiyo inayowekewa kikomo. Aprili inatuuma kwa sababu tunaiona: taa usiku, nyavu zinavutwa, samaki wamelala pamoja. Vifo vyetu vimetawanyika katika miezi kumi na maelfu ya boti, hakuna anayeviona kwa pamoja.

Basi nini kimempunguza wolai? Wanaolichunguza ziwa hili wanarudi kwenye jambo moja: samaki wachanga wanaanguliwa, lakini wengi hawaukaribii ukubwa wa kuvuliwa. Maji yamekuwa maangavu kuliko zamani, na wolai ni samaki wa mwanga hafifu. Maji yamekuwa na joto zaidi, na samaki wadogo wa maji baridi ambao wolai wakubwa huwategemea kwa chakula wamepata shida. Mwaka 2005 walionekana kome-pundamilia, viumbe wenye asili ya eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, ambao huyachuja maji na kula chakula cha wadudu wadogo wanaoliwa na vifaranga. Mwaka 2009 akaonekana kiroboto-maji mwenye mwiba, naye anawala wadudu hao hao. Wageni hawa huhama ziwa hadi ziwa wakiwa wamenata kwenye boti, nanga, na maji yaliyosahaulika chini ya injini. Ndiyo maana gatini kuna bango linalotuamuru kukausha kila kitu. Bango hilo halisemi chochote kuhusu nyavu.

Sidai kwamba nyavu hazivui. Nyavu zinavua, ndiyo kazi yake, na Waojibwe si malaika. Mfano wa Red Lake, kaskazini zaidi, unasema pande zote mbili. Taifa la Red Lake lilikuwa na uvuvi wa biashara tangu 1917. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wolai wa ziwa lile walikuwa wamekwisha, kwa nyavu za biashara, kwa magendo, na kwa ndoano za upande wa jimbo. Wavuvi wa taifa hilo wenyewe waliamua kusimamisha uvuvi wa biashara mwaka 1997, tena ziwa likiwa sehemu kubwa ndani ya ardhi yao na mkate wao ukiwa mle. Mwaka 1999 wakakubaliana na jimbo kulifunga ziwa kwa wote. Mamilioni ya vifaranga yakapandikizwa mwaka huo, 2001 na 2003. Mwaka 2006 ziwa likafunguliwa, na leo wolai wako tele. Anayetaka ushahidi kwamba Waojibwe wanaweza kumaliza samaki, aukubali na ushahidi kwamba walijifungia wenyewe mpaka samaki wakarudi. Ni ziwa lile lile.

Haya yote yanajulikana, na sentensi bado inatembea. Inatembea kwa sababu ina ukoo. Jimbo jirani, Wisconsin, mahakama ya rufaa ilithibitisha haki za namna hii mwaka 1983, baada ya ndugu wawili Waojibwe kukamatwa mwaka 1974 kwa kuvua kwa mkuki. Waojibwe walipotoka usiku na mikuki na taa kama walivyofanya babu zao, walikuta makundi ya watu kwenye magati, kila masika, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walitupiwa mawe. Kulikuwa na mabango yaliyotaka Mwojibwe achomwe mkuki ili wolai aokolewe. Mwaka 1991 ripoti ya pamoja ya serikali na mataifa hayo ilisema uvuvi wa mkuki haukuwa umeyadhuru maziwa. Mawe yakaisha. Sentensi ikabaki, ikavaa nguo safi, ikajifunza kuongea kwa upole, na sasa inatufikia ikiwa na ndoo ya chambo mkononi.

Hapo ndipo ninapowaelewa wazee wangu, na hapo ndipo ninapogombana nao. Mgeni anatafuta pa kuingilia. Lugha ni ngumu, baridi ni kali, jina lako linatamkwa vibaya mwaka wa kumi. Halafu mtu mwema anakupa nafasi ya kulalamika pamoja naye, na kulalamika pamoja ni ujirani. Ukiitikia, kwa dakika mbili wewe si mgeni tena, mgeni ni yule wa magharibi ya ziwa. Tikiti hii ni rahisi mno kwa sababu analipa mwingine.

Lakini hebu isikilizeni sentensi yenyewe ilivyojengwa. Wako wachache, wana sheria zao, serikali inawabeba, wanakula vya wote, vitu vimekwisha kwa sababu yao. Ondoa neno nyavu, weka neno shule, au nyumba za bei nafuu, au foleni ya hospitali. Mnaijua. Tumeisikia ikisemwa juu yetu, redioni na kwenye mabasi. Kinywa kinachojizoeza kuisema gatini hakitakuwa na jibu siku itakapogeuzwa kutuelekea.

Kijana wa Bukavu alifika hapa kama mkimbizi. Neno hilo lina uzito wa kisheria kwa sababu mataifa yalitia saini mkataba mwaka 1951 na itifaki mwaka 1967, na Marekani ikajiunga na itifaki hiyo mwaka 1968. Wengine tuko hapa kwa viza, kwa vyeti vya ndoa, kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani. Sisi sote ni watu wa karatasi. Kila tulicho nacho katika nchi hii kinategemea kwamba serikali itatimiza ilichoandika hata wengi wakichoka nacho. Ikiwa kuna watu wanaopaswa kutetemeka wakisikia kwamba ahadi ya zamani haihesabiki, ni sisi.

Na wale wa Ziwa Nyanza hatuna udhuru kabisa. Tunajua jinsi lawama inavyomtafuta mtu anayeonekana. Sangara alipandikizwa ziwani kwetu kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa mipango ya maofisini, na aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajaa Mwanza, Kisumu na Jinja, minofu ikaenda Ulaya, mwalo ukabaki na mapanki. Gugumaji likaja, uchafu wa miji ukaingia. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Sangara na nyavu haramu zikachomwa moto hadharani. Makokoro na timba vinaharibu mazalia, hilo sibishi. Ninachosema ni kwamba moto ulipigwa picha, na minofu iliyopanda ndege haikupigwa. Aliyeliona hilo nyumbani anawezaje kuja mpaka Mille Lacs, akaona nyavu, akadhani ameona kila kitu?

Kwa hiyo ninawaomba wazee wangu mambo yasiyo magumu. Kwanza, waitwe kwa jina lao: Waojibwe. Lile jina la vitabu vyetu vya zamani tulirithi kwa waliotuita sisi majina pia. Pili, kabla ya msimu, tunaposoma kanuni za urefu wa samaki, tusome na mgawanyo wa mwaka. Unatangazwa wazi, kila upande na ratili zake. Tatu, tukaushe boti, hasa ya kuazima. Nne, mtu mwema akija na sentensi yake gatini, tusimtukane, tupokee chambo chake, tumshukuru, halafu tumwambie kwamba kuna mkataba, kuna hesabu, na fungu kubwa la mwaka 2015 lilikuwa letu. Yeye atashangaa kidogo kulisikia kwa lafudhi yetu. Watoto walio nyuma yetu na ndoo mkononi watakuwa wanasikiliza, na wao ndio watakaovua ziwa hili kwa miaka sitini ijayo.